Jinsi ya Kuandika Nasaba ya Ukoo Wako Mombasa, Kuumeni na Kukeni

Muulize mtu mzima wa Mji wa Kale akutajie baba yake, babu yake na baba wa babu yake, na mara nyingi atakwenda nao vizazi sita au saba bila kukwama. Muulize mama wa babu yake alikuwa binti nani, atanyamaza, au atasema "alikuwa mtu wa Mtwapa" na hapo ndipo mwisho. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya huyo mama. Nitaeleza namna ya kukusanya, kuhakiki na kuandika nasaba kwa mtu wa Mombasa, mji ambao nyumba moja yaweza kuwa na damu ya Mvita, Hadhramaut ya Yemen, Giriama na Kutch ya India, na kila upande una njia yake ya kuamua nani ni wake.

Vifaa si vya gharama: daftari nene, karatasi za manila, penseli na ufutio, simu inayorekodi sauti. Programu za kompyuta za kuchora ukoo zipo na zinafaa, lakini zitumie baadaye. Ukianza nazo, zitakulazimisha kujaza visanduku kabla hujamsikiliza mtu.

Hatua ya 1: Jua kila upande wako unahesabu kwa njia gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea njia tangu mwanzo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Familia zenye asili ya Uarabuni, Oman au Hadhramaut, huhesabu kuumeni. Mtoto ni wa kabila la baba yake, na nisba, yaani jina la ukoo, humfuata popote: Mazrui, Mandhry, Busaidi, au yale majina ya Kihadhrami yanayoanza na Ba, kama Bawazir na Bajaber. Masharifu nao hushika mstari wa baba kwa maandishi, na nyumba nyingi zina shajara, yaani mchoro wa nasaba, inayopanda mpaka kwa Mtume. Nguvu ya njia hii ni kwamba majina hayapotei kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba binti anapoolewa nje, watoto wake hutoka kabisa kwenye karatasi.

Waswahili wa Mombasa wana Thenashara Taifa, yaani taifa kumi na mbili. Tatu Taifa ni Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni, Wakatwa na Wajomvu. Majina mengi ni ya miji ambako watu walitoka, na hilo ni msaada mkubwa kwako: ukiambiwa bibi yako alikuwa Mpate au Mshaka, umepewa pia mahali pa kwenda kutafuta. Uliza kila mtu wa Kiswahili kwenye orodha yako alikuwa taifa gani, baba na mama kila mmoja peke yake.

Kwa Mijikenda usidhani wote ni sawa. Wagiriama huhesabu kwa baba, na mjukuu wa kiume huchukua jina la babu. Ndiyo maana utakuta Kazungu wa Katana, mwanawe Katana wa Kazungu, kisha Kazungu wa Katana tena. Wadigo zamani walifuata mama: mali ya mwanamume ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada, si kwa mwanawe. Uislamu ulipoenea, watoto wakaanza kudai na wapwa wakashikilia desturi, na kesi za mashamba upande wa Kusini zilizotokana na mvutano huo zina majina mengi ya ukoo ndani yake. Waduruma wana pande zote mbili kwa pamoja: mtu ana ukulume wa baba na ukuche wa mama, na kila upande ulikuwa na aina ya mali iliyopita kwake. Ukiwa na nyanya Mduruma, swali "ukoo wako ni upi?" halitoshi. Lazima uulize yote mawili.

Wakikuyu waliohamia Mombasa huhesabu kwa baba, ingawa koo zao zimeitwa kwa majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ukijua majina ya wana wawili wa kwanza na mabinti wawili wa kwanza kwa mpangilio wa kuzaliwa, mara nyingi umeshajua majina ya babu na nyanya wote wanne. Wajaluo nao huhesabu kwa baba, lakini jina laweza kukupa saa ya kuzaliwa badala ya ukoo: Otieno kazaliwa usiku, Okoth kazaliwa mvua ikinyesha. Msomali humfundisha mtoto abtirsi, orodha ya baba zake, aikariri kwa moyo, na mwanamke wa Kisomali habadilishi jina anapoolewa, jambo linalorahisisha sana kazi yako.

Kwa familia za Kihindu zenye asili ya Gujarat, uliza gotra, yaani ukoo, ambayo hupita kwa baba na watu wa gotra moja kwa desturi hawaoani. Huko Gujarat kuna Wabarot, watu ambao kazi yao ya kurithi ni kutunza vitabu vya nasaba za wengine, na mjini Haridwar makuhani huandika familia zinapokuja kuhiji. Wagoa wana daftari za ubatizo za parokia.

Njia hizi si za hapa tu. Waakan wa Ghana humweka mtoto kwenye ukoo wa mama. Waminangkabau wa Sumatra, ambao ni Waislamu, wamepitisha nyumba na mashamba ya ukoo kwa mabinti kwa karne nyingi. Sheria ya dini ya Kiyahudi humtambua Myahudi kwa mama. Nayataja haya kwa sababu bado nasikia watu wakisema ukoo wa mama "hauhesabiki". Unahesabika, na karibu nasi kabisa, Kwale, umehesabika muda mrefu.

Hatua ya 2: Andika unachokijua mwenyewe

Jiandike, kisha wazazi wako, kisha babu na nyanya wanne. Acha nafasi nane kwa wazazi wao, zote nane, hata kama sita ni tupu. Mstari mtupu wenye maneno "mama wa babu mzaa baba" utakusumbua mpaka uujaze, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 3: Nenda kwa wazee, na uanze kwa wanawake

Usiende na karatasi mkononi siku ya kwanza. Pita kwa mtu anayeheshimika nyumbani kwao, mwambie nia yako, akutangulizie salamu. Nenda alasiri, baada ya watu kupumzika, na usiende mikono mitupu. Omba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na ukikataliwa, andika ukifika nyumbani.

Wanaume watakupa orodha ya baba. Wanawake watakupa nani aliolewa na nani, nani aliachwa, nani alilelewa na nani, mtoto gani alifariki kabla hajapewa jina. Mkunga wa zamani wa mtaa na makungwi wanajua mambo ambayo hayamo kwenye cheti chochote. Bibi mwenye miaka tisini si wa kungojeshwa. Mwendee yeye kwanza, kabla ya afisi yoyote, maana mafaili yatangoja.

Tatizo kubwa la mahojiano yetu ni kwamba maneno ya undugu ni mapana. Mtu atasema "baba" akimaanisha ami yake aliyemlea, "mama" akimaanisha mama mdogo, "ndugu" akimaanisha mtoto wa ami, na "babu" akimaanisha kaka wa babu. Hasemi uongo, huo ndio undugu anaouishi. Mwingereza W. H. R. Rivers alikutana na jambo hilohilo visiwani Torres Strait mwaka 1898, na akaamua kutumia maneno matano tu kwenye maswali yake: baba, mama, mtoto, mume na mke, kwa maana ya kuzaa na kuoana pekee. Fanya hivyo. Mtu akikutajia "babangu Salim", muulize kwa upole:

Ndiye aliyekuzaa, au ni ami?
Yeye na baba yako ni tumbo moja, au baba mmoja mama mbalimbali?
Mama yao ni binti nani, na kwao wapi?
Alioa wake wangapi, na watoto wa kila mke ni nani na nani, kuanzia mkubwa?
Kuna waliofariki wadogo?
Amezikwa wapi?

Swali la mwisho usiliruke. Kaburi la Kikowani, la Manyimbo au la shambani Kisauni litakuonyesha nani alihesabiwa mtu wa nyumba ile.

Kando ya kila jibu andika nani amelisema na siku gani. Wazee wawili wakipingana, andika kauli zote mbili. Usiamue wewe nani mkweli kwenye kikao, na kamwe usimwambie bibi kwamba dadake amesema tofauti. Mahali pazuri pa kurudia maswali ni kwenye mikusanyiko: harusi, arobaini, Maulidi. Mmoja akitaja jina, mwingine anarekebisha, na wewe unasikiliza.

Hatua ya 4: Tafuta miaka

Wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawana tarehe kamili, na vitambulisho vingi vimeandikwa mwaka wa kukisia. Tumia matukio ambayo mji mzima unayakumbuka. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914. Daraja la Nyali lililoelea lilifunguliwa 1931, na la sasa 1980. Mgomo mkubwa wa wafanyakazi ulikuwa Januari 1947. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Swali lako liwe, "Mgomo ulipotokea, ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto wa kwanza?" Kwa maswali matatu kama hayo utakaribia mwaka.

Karatasi za zamani za Waislamu zimeandikwa kwa mwaka wa Hijria, mara nyingi kwa hati za Kiarabu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo miaka 33 ya Hijria ni karibu 32 ya Miladia; usitoe tu tofauti moja kwa miaka yote. Na mzee akisema alizaliwa mfungo sita, amekupa mwezi wa Maulidi, Rabiul-awwal.

Hatua ya 5: Hakikisha kwa maandishi

Anzia kabatini nyumbani: vyeti vya ndoa na talaka, kipande (kitambulisho cha enzi za ukoloni) cha babu, pasipoti za zamani, Msahafu wenye majina ya watoto jaladani. Kisha toka nje.

Mahakama za Kadhi hushughulikia hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu, na Katiba ya 2010 imezitaja katika ibara ya 170. Faili la mirathi lina orodha ya warithi, na ni hazina. Lakini ujue linachoacha. Katika fiqhi ya Kisunni watoto wa binti si miongoni mwa warithi wa kawaida, wao ni dhawil-arham, jamaa wa damu wasio na fungu maalumu, kwa hiyo mara nyingi hawatajwi. Shajara iliyochorwa kugawa mirathi si shajara ya ukoo, na ukiinakili ilivyo utakuwa umewafuta wajukuu nusu nzima.

Mashamba nayo yanasema. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi ndani ya ukanda wa Pwani wapeleke madai yao, na familia zilijieleza: nani alimrithi nani, shamba ni la ndugu gani. Hati za wakfu hutaja walionufaika, na humo ndimo wakati mwingine wanawake hutokea kwa majina yao kamili, kwa kuwa wao ndio waliotoa wakfu. Kwa Wakristo, tafuta daftari za ubatizo na ndoa za kanisa. Misheni ya Rabai ilianza mwaka 1846.

Tarajia jina moja kwa sura nyingi: Mohamed, Muhammad, Mohammed; au Mwanaisha, Mwana Aisha, Mwanaesha. Andika kama lilivyo kwenye karatasi ile, kisha uandike kando unadhani ni nani.

Kwa Wagiriama, vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa, ni kumbukumbu za waliofariki wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo. Ukionyeshwa, sikiliza jina la mwenyewe na uandike. Usiguse, na usipige picha bila idhini ya wazee. Kaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, nazo zina masharti yake ya kuingia, yafuate.

Hatua ya 6: Pale mstari unapokatika

Hapa panahitaji moyo.

Katika nyumba nyingi za Pwani kuna suria. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na kuchukua nisba kamili, na hakuna tofauti iliyobaki kwenye orodha ya baba. Mama yake ndiye aliyeachwa bila jina. Utaambiwa "mama yake alikuwa mtu wa nyumbani", au "alitoka bara". Mwandike. Kama jina lake la kwanza tu ndilo linalojulikana, andika hilo. Kama halijulikani, weka duara lake na uandike "mama wa fulani, alitoka bara, jina halijapatikana". Yeye ni nyanya yako sawa na wale wenye ukoo mrefu. Na usimpachike kabila wala nchi kwa kukisia ili karatasi ipendeze.

Wazao wa Frere Town wana shida ya namna nyingine. Makazi yale yalianzishwa na wamisheni katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na jina la mahali hapo, Kengeleni, limetokana na kengele yake. Miongoni mwa waliokuwa huko ni wale walioitwa Waafrika wa Bombay, waliowahi kupelekwa India na kulelewa karibu na Nasik kabla ya kurudishwa. Walibatizwa kwa majina ya Kizungu, na kwa wengi mstari unaishia kwa yule aliyeteremshwa pwani. Basi anza naye. Yeye awe juu ya karatasi yako kwa heshima zote, na chini yake panga vizazi vyote vilivyofuata. Utumwa ulipigwa marufuku rasmi hapa Pwani mwaka 1907, kwa hiyo watu waliozaliwa na wazazi waliokuwa watumwa wameishi mpaka enzi za bibi zetu. Jeraha bado lina umri mdogo.

Mwenye siri ndiye mwenye ruhusa. Ukiambiwa mtoto fulani si wa fulani, au nyumba fulani ilikuwa ya watumwa wa nyumba nyingine, andika kwenye daftari lako la pembeni, si kwenye karatasi ya ukutani. Watu wamekoseshwa ndoa na mashamba kwa maneno kama hayo.

Hatua ya 7: Undugu usiokuwa wa kuzaliwa

Ndugu wa kunyonya waandikwe. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi hapa, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili anakuwa mwana wa aliyemnyonyesha, na ndoa kati yake na watoto wa mama huyo ni haramu. Jambo hili halimo kwenye cheti chochote cha serikali. Lisipoandikwa, wajukuu wanaweza kuoana bila kujua. Waandike pia waliolelewa, ukitofautisha wazi mzazi na mlezi.

Hatua ya 8: Chora

Pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari miwili sambamba ni ndoa, mstari wa kushuka ni mtoto. Aliyefariki mpige mstari wa mshazari. Kwa kunyonya tumia mstari wa vitone. Kila mtu mpe namba yake na uitunze daftarini pamoja na habari zake zote.

Namba zina faida kubwa kwetu kwa sababu mbili. Majina yanajirudia, na Kazungu Katana watatu watakuchanganya. Pili, Waislamu wengi wa Pwani huoana watoto wa ami na wa mjomba, kwa hiyo babu mmoja hutokea kuumeni na kukeni pia. Usimchore mara mbili kama watu wawili. Mchore mara moja, na upande wa pili andika namba yake tu. Kwa Wagiriama au Wakikuyu, ambao desturi yao ni kuoa nje ya ukoo, mikunjo hiyo utaikuta kwa nadra. Ukiikuta, hakiki tena.

Hatua ya 9: Kama unafikiria kupima DNA

Kipimo cha kromosomu Y hufuata baba wa baba wa baba peke yake, nacho hufanywa kwa mwanamume tu. Kipimo cha mitokondria hufuata mama wa mama wa mama. Kila kimoja kinakueleza mtu mmoja tu katika kila kizazi, na huacha wengine wote.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 juu ya mifupa ya watu 80, wengi wao wa miji ya kale ya Pwani, Mtwapa ikiwemo, ulionyesha hilo vizuri. Katika wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya asili yao ilitokana na Afrika, hasa kwa mama; sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Kwa hiyo wale waliosema "sisi asili yetu Shirazi", yaani Uajemi, walikuwa na la kweli kwa upande wa baba, na mama zao Waafrika walikuwepo muda wote bila kutajwa. Ukipima, kubaliana kwanza na familia, kwa sababu majibu yaweza kufichua baba asiye yule aliyeandikwa, na hayarudishwi yakishatoka.

Hatua ya 10: Tunza na gawa

Tengeneza nakala tatu za karatasi kubwa. Moja ibaki kwenu, moja iende upande wa kukeni, na moja kwa shangazi au binti wa ukoo aliyeolewa nje, yule ambaye watoto wake kwa kawaida wasingeandikwa. Sauti ulizorekodi ziweke mahali pawili, na kila faili lipewe jina la msemaji na tarehe. Daftari la siri liwe na mrithi mmoja anayejulikana. Kisha mchague mtu mmoja, ikiwezekana kijana wa kike mwenye mwandiko mzuri, awe anaongeza kila aliyezaliwa, aliyeoa na aliyefariki, kabla ya kila arobaini na kila harusi, na mbele ya jina la kila mtoto aandike majina ya wazazi wote wawili kwa ukamilifu.